Pawa imepotea Nakuru: Ni ipi?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nilikuwa Nakuru. Nilikwisha kuswali Isha, nikala chakula changu, nikapanda chumbani katika nyumba ya wageni isiyokuwa mbali na kituo cha mabasi. Nikafungua daftari nimwandikie barua ndugu yangu aliyeko Mombasa. Ilipopata kama saa nne kasorobo, taa zikazimika. Nikachungulia dirishani: mji wote giza totoro. Wala haukuwa mji huo peke yake. Baadaye tulikuja kujua kuwa karibu nchi nzima ilizimika usiku ule, hata uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi.

Nikashuka ngazi kwa kupapasa ukuta. Kijana wa mapokezi alikuwa ameshawasha mshumaa. "Mzee," akaniambia, "pawa imepotea."

Nikamtania: "Ipi, mwanangu?"

Akacheka. Akanyosha kidole upande wa Milimani, waliko wakubwa, ambako nyumba mbili tatu zilikuwa tayari zinang'aa. "Ya stima, mzee. Ile nyingine haipotei. Ile ina jenereta."

Jibu la kijana yule sijalisahau, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Vijana wetu wamelipenda neno hili "pawa" kwa kuwa ni kapu. Humo hutiwa umeme, cheo, fedha, misuli, hata mahubiri ya Jumapili. Sisi tuliolelewa pwani tulirithishwa maneno mengi, na kila moja lina kazi yake. Nguvu ni ya mwili na ya kitu: ya mchukuzi wa bandarini, ya mkondo wa bahari. Uwezo ni wa mtu kulifanya jambo, hata kama bado hajalifanya. Enzi ni ya mfalme, na kwa ukamilifu wake ni ya Mola peke yake, ndiyo maana akaitwa Mwenyezi. Kudura ni yake pia, wala haina mshirika. Amri hutoka kinywani. Mamlaka hutoka kwenye kiti, na mtu akishuka kitini huyaacha pale pale.

Walimu wa sayansi nao wana yao. Kwao kani ni kule kusukuma au kuvuta, nishati ni ile akiba inayowezesha kazi kufanyika, na nguvu ni kazi ikigawanywa kwa muda iliofanyika. Huipima kwa wati, kwa jina la James Watt, yule Mskoti, ambaye yeye mwenyewe alipima kwa farasi. Na nguvu ya farasi mmoja ni kama wati 746. (Lau angezaliwa Lamu, bila shaka angepima kwa punda.) Mwanahisabati hunena kipeo, namba inapozidishwa kwa yenyewe mara kadha wa kadha. Nami nimeshawaona wanasiasa wa namna hiyo.

Lakini neno lililopatwa na ajali kubwa kuliko yote ni madaraka. Zamani, mtu alipoambiwa "shika madaraka ya harusi hii," hakupewa ukubwa. Alipewa mzigo. Mchele ukipungua ni yeye, mkeka ukikosekana ni yeye, mgeni akilala na njaa ni yeye wa kuulizwa. Madaraka yalikuwa ni dhamana. Tarehe 1 Juni 1963 nchi yetu ilipopata serikali yake ya ndani, neno hilo ndilo lililochaguliwa, na naamini waliolichagua walijua walisemalo: sasa mzigo ni wetu. Leo ukisikia "fulani ana madaraka," hufikirii mzigo. Unafikiria gari na walinzi.

Mwaka 2016 sherehe za Madaraka zilifanyika papo hapo Nakuru, katika uwanja wa Afraha. Jina hilo likigonga sikio la mtu aliyesoma chuoni humletea maana ya furaha nyingi, na kweli uwanja ule umeona furaha za wakubwa. Hapo ndipo Uhuru Kenyatta na William Ruto walipoutangazia umma ushirika wao mwezi wa Desemba 2012. Hapo ndipo waliporudi Aprili 2016 kushukuru baada ya kesi zao za The Hague kumalizika. Mtu akitaka kutazama nguvu ya siasa ikivaa nguo zake za Idi, na aende Afraha.

Basi katika usiku ule wa giza nikauliza: madaraka ya kuzimika huku ni ya nani? Kampuni inayotuuzia umeme ilisema hitilafu ilianzia kwenye mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba wao walitolewa kazini na hitilafu ya njia kuu za umeme. Mimi si fundi, wala siwezi kuamua. Nilichokiona ni mzigo ukirushwa huku na huku kama kaa la moto, na kila aliyetajwa alikuwa mwenye nguvu, tena nguvu nyingi, zenye kupimwa kwa megawati.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Naivasha. Matatu ilipita Gilgil, na kabla yake tukaliacha ziwa la Elementaita mkono wa kulia, pamoja na nchi pana ya Soysambu. Ukipita hapo hupiti shambani tu, unapita katika kitabu cha sheria. Reli ilipofika Nakuru mnamo mwaka 1900, wakubwa wa Kiingereza waliitazama nchi hii ya malisho, wakaona ni tupu kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamehamia malisho mengine. Lord Delamere alipewa eka 100,000 upande wa Njoro mwaka 1903, na baadaye akaongeza Soysambu. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mkataba wa kuliacha Bonde la Ufa, waende wengine Laikipia na wengine kusini. Mkataba ukasema utadumu madhali Wamaasai wangalipo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja wa pili, wale wa Laikipia nao wahame.

Hapo ndipo walipokwenda mahakamani, na mahakama yenyewe ilikuwa kwetu Mombasa, mwaka 1913. Ndugu msomaji, nakuomba usimame nami hapa kidogo, kwani sijapata kuona neno likitumiwa kumnyang'anya mtu kwa ustadi kama huu. Majaji hawakusema kuwa Wamaasai ni wanyonge wasio na chochote. Walisema kinyume chake. Walisema nchi hii ya hifadhi si milki ya Uingereza, bali ni nchi ya kigeni, na Wamaasai ni taifa lenye enzi ya kutosha kufunga mkataba na Mfalme. Na kwa kuwa ni mkataba baina ya enzi mbili, mahakama haina mamlaka ya kuuchungua. Rufani nayo ikaanguka. Walivishwa enzi siku moja, ili wapokonywe nchi siku hiyo hiyo.

Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa na desturi ya kutufundisha neno kwa shina lake. Shina la mīm, lām na kāf, alikuwa akisema, lina watoto watatu, na ukimwona mmoja watafute ndugu zake. Wa kwanza ni mamlaka. Wa pili ni milki. Wa tatu ni mamluki, maana yake ya asili mtu anayemilikiwa, ambaye sisi leo tunamwita hivyo mpiganaji wa kukodiwa. Wakati ule nilidhani ni somo la sarufi. Sasa kila nipitapo Bonde la Ufa naona familia nzima imekaa barazani: mwenye milki huwa ndiye mwenye mamlaka, na wakati wa uchaguzi ukifika wote wawili humtafuta yule ndugu yao wa tatu.

Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliona jambo jingine tena. Serikali ilikuwapo, na bendera, na mihuri, yaani mamlaka hayakupungua hata moja. Lakini kwa siku kadhaa nguvu ilikuwa ya mwenye panga na kibiriti. Watu waliokufa Naivasha ndani ya nyumba zao hawakufa kwa upungufu wa mamlaka. Sipendi kulieleza zaidi. Wafiwa wangali hai, na baadhi yao ni wasomaji wa ukurasa huu.

Turudi kwenye stima. Mjini Mombasa, bibi yangu alipolitamka neno hilo alikuwa na maana ya meli ya moshi. "Stima imetia nanga," angesema, nasi watoto tukikimbilia Forodhani. Meli ile ilikwenda kwa mvuke, na jina limetokana na huo mvuke kwa Kiingereza. Baadaye huku bara jina likahamia kwenye umeme, na meli ikasahauliwa. Lakini Olkaria, kusini ya ziwa la Naivasha, neno limerudi kwao. Pale stima ni mvuke kweli kweli. Maji ya chini ya ardhi huchemshwa na joto la volkano. Visima huchimbwa kilomita moja, mbili, hata tatu. Mvuke hupanda kwa kishindo, ukapita katika mabomba ya rangi ya fedha yanayojipinda vilimani kama chatu, ukaizungusha mitambo. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Leo umeme wa jotoardhi nchini unapita megawati 900, sehemu yake kubwa sana ikitoka hapo Olkaria, na katika umeme tunaoutumia Kenya karibu nusu ni wa mvuke huo. Hata Menengai, ile shimo kubwa inayoutazama mji wa Nakuru kutoka juu, ambako husimuliwa kuwa moshi ni pumzi za mashujaa wa Laikipiak waliotupwa humo vitani, imeanza kutoa umeme tangu mwaka 2023.

Ni kazi ya kujivunia, wala sitaki nionekane nabeza. Hatununui mafuta kwa mvuke ule, wala hatusubiri mvua.

Lakini juu ya ule moto walikuwa wanaishi watu. Olkaria lenyewe ni neno la Kimaa, la ile ngeu nyekundu ambayo morani hujipaka. Kwa miaka mingi nyaya nene zilipita juu ya manyatta zikielekea Nairobi, na chini yake watu wakiwasha koroboi. Mwaka 2014, ulipojengwa mtambo wa Olkaria IV wa megawati 140, vijiji vinne vilihamishwa vikapelekwa mahali penye eka kama 1,700. Nyumba za matofali zilijengwa, na shule, na zahanati, hilo lisikanwe. Wakazi hata hivyo walilalamika juu ya makorongo, barabara, hati ya ardhi na watu walioachwa nje ya orodha. Malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa mikopo. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia likachunguza, na katika kasoro ililoziona mwaka 2015 mojawapo ilinigusa mimi mfanyabiashara wa maneno: lugha ya Kimaa haikutumiwa vya kutosha katika mashauriano, na baraza la wazee, ambalo ndilo lenye mamlaka kwa desturi yao, halikupewa nafasi yake. Mwaka 2016 pande mbili zilisuluhishwa na kutia sahihi mapatano.

Kwa hiyo wenye uwezo wa kuchimba walikuwapo, wenye mamlaka ya kuhamisha walikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kilichokosekana barazani ni lugha ya wenyeji.

Mjini Naivasha nilikunywa chai na mzee mmoja wa Kimaasai, mtu wa makamo yangu, shuka lake begani na simu mbili mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mawaziri wengi. Tukazungumza juu ya giza la usiku ule. Hakulijali sana. "Moto uko chini," akaniambia, "waya ziko juu. Sisi tuko katikati, na wote wawili wana wenyewe."

Nikamweleza kuwa sheria ya nishati ya mwaka 2019 imeweka fungu. Katika mrabaha unaotozwa kwa mvuke wa ardhini, serikali kuu huchukua asilimia 75, kaunti asilimia 20, na jamii ya mahali hapo asilimia 5. Akanitaka nirudie namba. Nikarudia. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Wewe ni mtu wa pwani, umesoma Kiarabu," akasema. "Hilo neno mrabaha, maana yake ni nini?"

"Linatoka kwenye faida," nikamjibu.

"Faida ya nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba neno lenyewe halisemi.