Baraza la Wazazi: Nani Somo wa Mwanao?

Mwezi huu nalikusudia kuwaandikia habari za kuweka akiba nyumbani, walakini jambo lingine limenijia mlangoni, nalo halikutaka kungoja. Hilo la akiba tutalizungumza mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mama mmoja akaaye Chamazi, huko mbele ya Mbagala, alinijia jioni akitoka katika biashara yake ya samaki. Hakutaka chai. Tulipokwisha kuamkiana akasema, "Mwalimu, mwanangu amenyamaza." Nikadhani kijana ni mgonjwa, nikauliza dalili. Akanijibu, "La, si mgonjwa. Anakula, anakwenda shule, jioni anateka maji. Ila hasemi. Alipokuwa darasa la saba alitusimulia mambo ya darasani kila siku, hata baba yake akimwambia, Hebu nyamaza tusikilize redio. Sasa yu Kidato cha Pili. Nikimwuliza, Mmefundishwa nini leo? hunijibu neno moja tu: Kawaida."

Kisha akalitoa lililomleta hasa. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili u karibu, na mtoto asiyefikia kiwango hupaswa kukirudia kidato kile. Mumewe hataki kusikia habari ya kurudia. Amesema ya kuwa akishindwa atampatia pikipiki ya kuchukua abiria, alete chochote nyumbani. "Amemwita mjinga mbele ya wadogo zake," mama akasema, "naye hakujibu. Alitazama chini tu. Hilo ndilo linalonitia hofu, Mwalimu, maana zamani angalilia."

Nimewafundisha watoto wa umri huo miaka mingi, nami sikuona katika maneno ya mama alama yoyote ya ujinga. Nilimwuliza kwanza kijana huamka saa ngapi. Akasema, saa kumi ya alfajiri, kwa kuwa shule aliyopangiwa i mbali, na makondakta wa daladala huwakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo. Asipowahi gari la kwanza atabaki kituoni akiyatazama mengine yakipita. Hulala saa ngapi? Saa tano, wakati mwingine saa sita. Basi, wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa shauri mwaka 2016 ya kwamba kijana wa miaka 13 hata 18 apate usingizi wa saa 8 hadi 10 kila siku. Nao waliochunguza miili ya vijana wamegundua ya kuwa katika umri huu usingizi wenyewe huchelewa kuja usiku, hata kama kijana amejilaza mapema. Huyu wa Chamazi analala saa 5, au pungufu. Mtu mzima aliyelala hivyo kwa miaka miwili, nani angetazamia aje mezani na hadithi?

Lakini usingizi si yote. Nilipomwuliza kama mtoto alikuwa akijua Kiingereza alipotoka darasa la saba, alicheka kidogo, akasema, "Alijua kusalimu."

Hapa wasomaji walio walimu wanajua nisemalo. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza hata leo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini Serikali haikukubali. Sitaki kuufufua ubishi huo katika ukurasa huu. Wapo wenye hoja nzuri pande zote mbili. Nasema tu lile linalompata mtoto. Mwezi wa Desemba yeye ni mtu mwenye kinywa: anajua usanisinuru ni nini, anaweza kuueleza kwa kuchora jani na jua. Mwezi wa Januari anaingia chumba kingine, jani ni lile lile na jua ni lile lile, lakini jina limekuwa refu na geni, na ulimi haulifiki. Yako majuma machache ya mwanzo yaliyotengwa kumzoeza lugha. Majuma machache! Sisi wakubwa twajifunza kuendesha baiskeli kwa muda mrefu kuliko huo.

Nami sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, mwalimu mpya katika shule moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto aliyesikiwa akisema Kiswahili alivishwa shingoni, naye hakuweza kuuvua mpaka amsikie mwenziwe akikosa vile vile, amvishe. Aliyekutwa nao jioni aliadhibiwa. Mimi ndimi niliyeushika ubao ule kwa mwaka mzima, nikijiona mwalimu hodari, kwa kuwa uwanja ulikuwa kimya. Nalidhani ukimya ule ni adabu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta mmoja wa watoto wale sokoni Tandika. Amekuwa fundi wa umeme, ana mke na watoto. Alinishika mkono kwa furaha, tukazungumza, kisha akasema bila hasira yoyote, "Mwalimu, miaka miwili sikukuuliza swali hata moja, wala si kwa kuwa nalielewa. Nalikuwa nikipanga maneno ya Kiingereza kichwani, na kabla hayajatimia kipindi kilikuwa kimekwisha." Akaongeza kwamba hata sasa akiitwa kusema mbele ya watu, koo hukauka. Nilirudi nyumbani siku ile nikawaza ni wangapi niliowaandikia katika ripoti zao, Mtulivu, kana kwamba ni sifa.

Mtaniambia ya kuwa wako waliopita njia hii wakatoka salama. Ni kweli. Julius Nyerere alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa na miaka kama 12 na lugha yake ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alijifunza shuleni, na Kiingereza baadaye, na tangu 1952 hata 1955 alikuwa mwalimu huku kwetu Pugu. Akayageuza kwa Kiswahili maigizo mawili ya Shakespeare, la kwanza likatoka mwaka 1963 na la pili 1969. Lakini yeye alikwenda shule za bweni, penye walimu waliokaa na wanafunzi mchana na usiku. Kijana wa Chamazi hukaa na mwalimu wake dakika 40, kati ya wenzake wengi, kisha huondoka kuwahi gari. Naye Shaaban Robert alikuja Dar es Salaam kutoka Tanga, akasoma hapa tangu 1922 hata 1926, akapata cheti na kazi ya ukarani wa forodha. Jina lake twalijua kwa ajili ya lugha aliyoiandika maisha yake yote, nayo ni Kiswahili. Katika mwendo wa hao wawili sioni kwamba lugha ngeni iliwaua. Naona kwamba hawakuiacha ile waliyokuwa nayo.

Lililo zito zaidi kwangu ni jingine, nalo mama alinikumbusha bila kukusudia. Alisema, "Zamani mtoto wa umri huu angalikuwa na somo wake."

Wazee wa nchi hii ya Wazaramo hawakumwacha mtoto avuke peke yake. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akafundishwa. Mpaka leo katika majumba ya makumbusho kuna vile vinyago vidogo vya mwana hiti vilivyotumika katika mafunzo hayo. Wavulana walikwenda jandoni. Na kila mmoja alikuwa na mtu mzima aliyewekwa kwa ajili yake, ambaye si baba wala mama, aliyeruhusiwa kuulizwa lile lisilosemeka mbele ya wazazi. Mambo mengine ya desturi zile yalidhuru, wala simo katika wale wanaotaka kuyarudisha yote: mwali alifungiwa muda mrefu, akatoka kwenda kuolewa angali mtoto. Wamisioni wengi walizikataza kabisa. Lakini Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliona shimo litakalobaki, akatengeneza jando la Kikristo ili vijana wasikose malezi ya kuvuka. Alilaumiwa na baadhi ya wenziwe. Nadhani katika hilo alituzidi akili.

Maana shule ya sekondari imeichukua miaka ile ile ya jando na unyago. Tangu Januari 2016 ada zimeondolewa mpaka Kidato cha Nne, na mwaka 2022 zikaondolewa Kidato cha Tano na cha Sita, hata watoto wa Mbagala, Tandale na Mabwepande waliokuwa wakibaki nyumbani sasa wanakwenda kwa wingi. Hilo ni jema kubwa. Ila tumempeleka mtoto huko akiwa na daftari na sare, tukasahau kumpa somo. Sauti inavunjika, chunusi zinatoka, hedhi inaanza, mwenzake ana simu na yeye hana, mwalimu anasema lugha isiyoshikika, naye hana wa kumwuliza. Tangu mwaka 2021 Serikali imemruhusu binti aliyezaa arudi shuleni, na katika jumuiya zetu wako walionung'unika. Mimi nalifurahi, walakini najiuliza ni mabinti wangapi wasingalifika huko kama wangalikuwa na shangazi mmoja asiyepiga kelele.

Yuko mtaalamu wa malezi, jina lake Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kufanya kazi yake Marekani. Huyu hakumjua kamwe baba aliyemzaa, na jina hilo la Erikson alijipa mwenyewe ukubwani. Labda ndiyo sababu aliandika sana juu ya swali la ujana: mimi ni nani? Alisema kijana hulitafuta jibu kwa kujaribu, akivaa hali hii na kuivua, akisogea mbali na wazazi na kurudi. Nami naongeza kwa niliyoyaona: jibu la kwanza hulisikia kwa walio karibu. Baba akisema mjinga, hilo nalo ni jibu, na mtoto aliyechoka huweza kulipokea tu kwa kuwa ndilo lililopo.

Nilimwambia mama asimwulize tena, Mmefundishwa nini? Amkute akifanya kazi fulani, kuosha vyombo au kufunga mizigo ya samaki, kisha achukue daftari lake la sayansi, amwombe amsomee ukurasa mmoja na kumweleza kwa Kiswahili. Mama akasema, "Lakini mimi sikusoma, sitajua kama anakosea." Nikamwambia ndiyo maana yafaa: mbele ya mama asiyejua, mtoto hana haya ya kukosa. Tena nikamwuliza ni nani katika ukoo ambaye kijana humcheka na kucheka naye. Akamtaja mjomba mmoja afanyaye kazi ya kushona viatu Mtoni. Hana cheti chochote, lakini kijana hupita kwake kila Jumamosi. Basi huyo.

Mwisho nikaomba nionane na baba. Sikutumaini kwamba atakuja. Alikuja Jumamosi ya pili, akakaa pembeni ya kiti kama mtu aliye tayari kuondoka. Sikumwambia neno la mtoto wake. Nilimsimulia habari ya ubao wangu na yule fundi wa Tandika. Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi niliishia Kidato cha Pili. Nalinyamaza hivyo hivyo, na hakuna aliyeniuliza." Akasimama, akasema anawahi gari.

Mtihani ni mwezi wa Novemba. Habari ya pikipiki haikufutwa. Mama ameniletea salamu kwamba imeahirishwa mpaka matokeo yatoke. Majuma mawili sasa kijana humsomea mamake jioni, na juma lililopita alimweleza habari za moyo na mishipa ya damu, akitumia kichwa cha samaki na mapafu yake yasiyokuwapo. Mama anasema alicheka alipogundua ya kuwa samaki hana mapafu, akaanza kueleza upya kutoka mashavuni.

Walimu walio na shauri juu ya kuwawekea wanafunzi somo katika shule zao, au wazazi waliokwisha kujaribu, waniandikie kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa Baraza