Kupima na Kubahatisha

Msomaji, ukivuka Mto Nairobi ukaingia Kariokor, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, pita sokoni umtazame mshona akala. Mbele yake pana mpira wa gari uliochakaa, na mkononi ana kisu kikali. Lakini hakati. Kwanza hukutaka ukanyage juu ya mpira, akauzungushia mguu wako chaki. Hasemi, "Naijua miguu ya namna hii." Watu wasemao hivyo hawako mbali, ni mafundi wetu wa motokaa, wala si wachache.

Gari la kale huletwa likikohoa. Fundi hutega sikio, hutikisa kichwa, akatamka: "Plagi." Plagi zikabadilishwa na kikohozi kisipone, hutamka koili, baada ya koili, kabureta. Kila neno lake hulipiwa na mwenye gari, hata lile lililokosea. Ikiwa mwenye gari ni mtu wa taksi, hulipa mara mbili, maana siku gari linapolala hapo nyumbani kwake hapaingii kitu. Wengine huita jambo hili uzoefu. Mimi naliita unyang'anyi wenye adabu.

Na pembeni mwa gereji hiyo hiyo, chini ya matambara yenye grisi, vimelala vyombo ambavyo vingekata shauri kwa nusu saa: kipimo cha mgandamizo wa silinda, geji ya kupima ufyonzaji wa hewa, na taa ya kumulikia wakati wa cheche. Wako wanaoviuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Wako pia matajiri wanaovinunua, wakaving'arisha na kuvipanga kabatini kama vikombe vya ushindi. Hao wa pili siwapendi kuliko wa kwanza.

Kijana mwerevu atanijibu kwamba siku hizi iko mashine ndogo ya kuchomeka garini, nayo hutaja ugonjwa mara moja. Ni kweli, kwa gari lenye kompyuta. Marekani ililazimisha tundu la namna moja la mashine hiyo katika magari mapya tangu 1996, na nchi nyingine zikafuata. Lakini Peugeot 404 haina kompyuta wala tundu. Utaichomeka wapi? Ni sawa na kumpigia simu mtu asiye na simu, kisha ukatangaza kwamba amekufa kwa kuwa hakupokea.

Twaa kipimo cha mgandamizo. Hutolewa plagi zote, kipimo kikashikizwa katika tundu la silinda moja, injini ikazungushwa kwa stata, mshale ukaonyesha nguvu ya hewa iliyobanwa. Silinda tatu zikilingana na ya nne ikapungua sana, umeipata iliyo mgonjwa. Sasa mimina ndani yake kijiko cha oili, upime tena. Mshale ukipanda, ringi za pistoni zimekwisha, kwa kuwa oili imeziba nafasi yao. Usipopanda, shaka iende kwenye vali. Nani amehitaji kubahatisha hapo?

Hata hivyo chombo hakimwondolei fundi wajibu wa kufikiri. Vitabu vingi vya magari hayo viliandikiwa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Husema kwamba injini nzima, ikinguruma polepole, hufyonza kiasi cha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,660, ambako hewa ni nyepesi, na kipimo hicho hupungua kwa karibu inchi moja kila futi 1,000 upandapo. Basi injini isomayo 18 Mombasa itasoma 13 hivi Nairobi, nayo haina ugonjwa wowote. Mgandamizo nao hupungua kwa karibu sehemu moja katika sita. Asiyelijua hili huihukumu injini nzima kwa sheria ya pwani.

Nilimwona mzee mmoja aliyefikwa na hukumu hiyo. Gereji moja ilikuwa imempimia, ikafungua kitabu, ikamwambia injini imekufa na yapasa kufumuliwa yote. Alikuwa akitafuta mnunuzi wa shamba dogo ili apate fedha. Jirani akamshauri amwone kwanza fundi mwingine, mtu wa makamo, ambaye geji yake ilikuwa na kioo chenye ufa na mpira uliofungwa uzi. Kwanza aliujaribu ule mpira kwa kuufyonza kwa kinywa chake, maana kipimo kinachovuja hudanganya kuliko sikio. Kisha akaufunga kwenye injini. Mshale ulisimama penye 13, ukatulia kimya.

"Kitabu walichokusomea kiliandikwa wapi, mzee?" akauliza.

"Ulaya, nadhani."

Fundi akachukua taa ya cheche, akamulika puli ya mbele, akaona cheche zikichelewa. Akalegeza distribyuta, akaizungusha kidogo sana, akaikaza. Kikohozi kikakoma. Mzee akauliza gharama. Akaambiwa kiasi ambacho kisingenunua hata plagi mbili. Akakihesabu mara mbili, kisha akawasha gari akaenda zake, na shamba bado ni lake.