Si Lazima Uwe wa Ukoo Mkubwa: Kwa Nini Tumerudi Kwenye Star Wars



Sisi watu wa mpakani hatuhitaji kufafanuliwa maana ya ushuru, kizuizi na magendo. Ndiyo maana filamu za Star Wars zilituingia moyoni mapema. Katika ile ya kwanza ya mwaka 1977, Han Solo ni mfanyamagendo, na askari wa Dola wanasimamisha wasafiri barabarani na kuwahoji. Shujaa, Luke, ni kijana wa shambani aliyelelewa na mjomba wake pembeni kabisa mwa jangwa. Jangwa hilo lilipigwa picha Tunisia, na jina la sayari hiyo, Tatooine, limetokana na mji wa huko uitwao Tataouine. Tena katika filamu ya mwaka 1983, rubani msaidizi Nien Nunb anazungumza Kikuyu, kwa sauti ya Mkenya Kipsang Rotich. Anayejua lugha hiyo husikia maneno ya nyumbani huko angani!

Basi ni nini kilichotukatisha tamaa? Si vita wala mashine. Ni ukoo. Kadiri miaka ilivyokwenda, hadithi iligeuka kuwa ya familia mbili tatu tu, kana kwamba ulimwengu mzima hauna watu wengine. Mwaka 2017 tulipata matumaini: Rey, msichana anayeokota vyuma chakavu na kuviuza ili apate chakula, aliambiwa kwamba wazazi wake hawakuwa watu wowote wa maana. Mwaka 2019 neno hilo likafutwa. Tukaambiwa kumbe Rey ni mjukuu wa Palpatine, mtawala mwovu tuliyemwona akitupwa shimoni mwaka 1983! Tulisikitika, kwa sababu mtoto wa kawaida aliyemtazama Rey na kujiona yeye mwenyewe aliambiwa: hapana, uwezo huo ni wa kurithi.

Kilichoturudisha ni mfululizo wa Andor, wenye sehemu 12 za mwaka 2022 na 12 nyingine za mwaka 2025. Dalili ilikuwa imeonekana mwaka 2016 katika Rogue One, filamu ya watu walioiba michoro ya silaha ya kuangamiza sayari. Maandishi ya mwanzo ya filamu ya 1977 yaliitaja kazi hiyo kwa ufupi tu, bila jina la mtu hata mmoja. Andor inaonyesha namna watu hao walivyofika pale.

Ndani yake hakuna damu ya kifalme inayookoa. Kuna mafundi, makarani na wafungwa wanaounganisha vyuma gerezani bila kujua vinatengenezewa nini. Kuna Maarva, mama mzee aliyemlea Cassian Andor ingawa hakumzaa; maneno yake aliyoyarekodi kabla ya kufa yanasikika siku ya maziko yake, na mji mzima unainuka. Wengi wao hawaishi kuona ushindi.

Kwetu sisi hili ni jambo zito. Watoto wetu wanakua wakisikia kila siku kwamba bila kuwa mtoto wa fulani hupati kazi, hupati nafasi, hata faili lako halisogei mezani. Hadithi inayosema hivyohivyo huwaongezea unyonge. Hadithi inayoonyesha kwamba mtu asiye na jina anaweza kubeba jambo kubwa, na kwamba kubeba huko kuna gharama, huwajenga.

Wako watakaosema hizi ni ndoto za Wazungu. Lakini watoto wanazitazama tayari, kwenye vibanda vya video na kwenye simu, tukitaka tusitake. Afadhali tukae nao.

Ushauri wetu ni huu. Andor si ya watoto wadogo: ina mauaji na mambo ya watu wazima, hivyo mzazi aitazame kwanza. Kwa wadogo wanaoweza kustahimili mapigano, anzeni na ile ya 1977. Kwa vijana wakubwa, tazameni Andor pamoja, sehemu moja kwa jioni, kisha zimeni televisheni na muulizane: nani alilipa gharama, na je, jina lake lilikumbukwa? Mtashangaa jinsi mazungumzo yatakavyowapeleka mbali, na jinsi yatakavyowarudisha hapahapa Busia.