Mgeni wa Maktaba Naye Apokewe

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maktaba zetu nyingi za umma, mgeni huja lakini mwenyeji haonekani. Makala hii inapendekeza kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tujitolee kuwaongoza wageni katika maktaba za Mashariki mwa Nairobi, tukianza na wakazi wa Pumwani.

Pendekezo hili lina mizizi katika historia. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikiwa mtaa wa Waafrika. Maktaba ya McMillan, iliyoko katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu. Kwa zaidi ya robo karne, Mwafrika aliwaona simba wa mawe walioko mlangoni, akapita. Baada ya maktaba hiyo kukabidhiwa Baraza la Jiji na kufunguliwa kwa wote, jiji lilipata pia matawi ya Kaloleni na Makadara. Shirika la Book Bunk, lililoasisiwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na serikali ya kaunti kuyakarabati matawi hayo.

Hata hivyo, kufungua mlango si sawa na kumkaribisha mtu. Kijana wa Majengo anayeuza nguo Gikomba, au mama aliyeacha shule mapema, hawezi kujua kwamba kuingia ni haki yake iwapo hakuna aliyemwambia. Akiingia, hukutana na rafu zenye tarakimu asizozielewa. Katika mpango wa Dewey, fasihi ya Kiingereza huanzia 820, ilhali fasihi ya Kiswahili imewekwa 896.392, karibu na mkia wa orodha. Asiyeonyeshwa njia atadhani kwamba vitabu vya lugha yake havipo.

Hapo ndipo mwongoza wageni anapohitajika. Atamwonyesha mgeni rafu, atamweleza namna ya kuazima kitabu, na atamsimulia historia ya mahali penyewe. Je, ni wangapi wanaojua kwamba Makhan Singh alidai uhuru kamili katika ukumbi wa Kaloleni mnamo Aprili 1950? Simulizi kama hiyo humfanya msikilizaji atake kusoma zaidi. Aidha, Pumwani ina wazee ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumba zao kwa vizazi kadhaa. Hao nao waalikwe kuongoza. Watatufunza sisi tuliojifunza lugha vitabuni.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba hiyo ni kazi ya mkutubi. La hasha. Mkutubi ana usajili, uorodheshaji na utunzaji wa vitabu. Hawezi kuzunguka na kila mgeni. Wengine watahofia kwamba kujitolea ni njia ya kupata kazi bila malipo. Hofu hiyo ina mashiko. Kwa hivyo masharti yawe wazi: zamu iwe fupi, nauli irudishwe, na mtu wa kujitolea asitumiwe kamwe kuziba nafasi ya mwajiriwa.

Chama chetu huandaa makongamano kila mwaka kujadili ukuzaji wa Kiswahili. Mijadala hiyo ni mizuri, lakini lugha hukua pia pale msomaji mmoja anapokabidhiwa kitabu alichokitafuta. Tuanze na Jumamosi moja kila mwezi, katika tawi la Kaloleni. Mwenye nia na ajiandikishe.