Pikipiki za Kimisagara na Zetu

Wako wenzetu humu shuleni wasemao kwamba mwendesha bodaboda wa kwetu ndiye hodari kuliko wote, kwa kuwa aweza kupakia watu watatu na tranka la bati juu, akapita katika matope ya masika asianguke. Mimi nasema ushujaa huo si wake peke yake, ni wetu sisi tunaopanda, nao ni ushujaa wa bure.

Likizo ya Desemba nilikwenda Kigali kumjulia hali shangazi yangu akaaye Kimisagara. Kutoka kwetu Ngara si mbali. Wavuka mto Kagera pale Rusumo, wairudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na basi lahama upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia. Jambo hili la mwisho halikunisumbua ndani ya basi. Lilinisumbua juu ya pikipiki, kama mtakavyosikia.

Kimisagara ni mtaa uliojengwa ubavuni mwa mlima. Nyumba zimepandana, paa la huyu liko miguuni pa yule, na chini bondeni ndipo Nyabugogo, kituo kikubwa cha mabasi. Siku ya kuondoka tulichelewa, mimi na binamu yangu aliyekuwa akinisindikiza. Tukamwita motari mmoja, ndivyo waitwavyo huko, amevaa kizibao chenye namba. Nikamwomba atupakie wote wawili. Alicheka, akanionyesha kofia ngumu ya abiria, moja tu, kisha akampigia mluzi mwenzake aje. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, walakini kidole chake kilitosha.

Basi tukateremka. Sijapata kuona mteremko wa namna ile! Pikipiki iliinama mbele kama mbuzi anywaye maji, na kila kona nilidhani sasa twaingia sebuleni kwa mtu. Macho yangu, kwa desturi ya kwetu, yalingoja magari yatokee kulia, nayo yakatokea kushoto. Chombo chenyewe kilikuwa cha umeme, hakina ngurumo, hata nikausikia moyo wangu ukipiga. Nikapaza sauti, "Buhoro! Buhoro!" yaani polepole, maana ndilo neno la Kinyarwanda nililokuwa nimelishika vema. Bwana yule aliitika kwa adabu, akaongeza mwendo. Mama mmoja mwenye beseni la parachichi alicheka mpaka akalitua beseni lake. Kofia ilikuwa kubwa, ikaniziba macho kila tuliporuka shimo, na labda ilikuwa heri. Nilifika Nyabugogo miguu imekuwa maji.

Kwa hiyo sisemi kwamba waendeshaji wa Kigali ni malaika. Lakini nilikaa Kimisagara wiki tatu, wala sikuona pikipiki moja yenye abiria wawili, wala abiria aliye kichwa wazi. Na sheria hiyo si ngeni kwetu. Tanzania nayo yataka kofia kwa mwendeshaji na kwa abiria, na mshikaki umekatazwa. Tofauti niliyoiona ni kwamba kule abiria hapatani bei juu ya sheria. Kwetu sisi ndio tunaoanza: "Tuko watatu, tupunguzie." Kisha pikipiki ikianguka twamlaumu kijana wa watu.

Mtu atasema Wanyarwanda wanaogopa polisi. Huenda. Walakini katika vichochoro tulivyopita asubuhi ile hapakuwa na askari hata mmoja, na yule motari bado alikataa.

Hoja ya fedha ndiyo nzito, nami siidharau, kwa kuwa wengi wetu twatoka shuleni na nauli iliyohesabiwa mpaka senti ya mwisho. Hapa ndipo nawaomba wazee wetu waliosoma hapa zamani. Baadhi yenu mna pikipiki mlizowapa vijana kwa hesabu ya kila siku, na mwenye chombo ndiye mwenye kauli. Nunueni kofia ya pili. Wataalamu waliokusanya na kupima uchunguzi mwingi mwaka 2008 waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Na siku moja tu, siku tunapofunga shule, punguzeni hesabu, ili kijana naye apunguze nauli ya abiria mmoja mmoja.

Nasi wanafunzi tuondoke kwa zamu. Kidato cha Kwanza watangulie, maana ndio wanaobanwa katikati ya mshikaki, na sisi wa Kidato cha Sita tungoje langoni hata ikibidi mpaka jioni. Nimekwisha kumwambia kiranja mkuu, naye ameahidi kulileta jambo hili mbele ya baraza la wanafunzi kabla hatujafunga.