Betri Kwanza, Paneli Baadaye

Kila nikiongelea sola, swali linalojaa kwa inbox ni lile lile: "Bro, ninunue paneli ya wati ngapi?" Mimi naona hilo ni swali la mwisho. Kama bajeti yako ni ndogo, pesa ya kwanza iende kwa betri.

Mbona? Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani usiku. Desemba ikawa hivyo tena. Saa hizo paneli bila betri ni pambo la paa tu, na kama unafanya kazi za online, hakuna mteja atakungoja.

Tupige hesabu. Balbu 5 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 175. Ruta ya wati 10 usiku na mchana, 240. TV ya wati 50 kwa saa 4, 200. Laptop ya wati 60 kwa saa 3, 180. Ongeza simu, uko kama 830 kwa siku.

Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini ukitaka idumu unatumia nusu tu. Hiyo ni 600, haitoshi. Lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huo inakupa kama 1,000, na unaeza kuichaji maelfu ya mara. Kwa hivyo ukiniambia lithiamu ni ghali, linganisha bei yake na betri mbili za asidi, si moja. Halafu kumbuka zile mbili utazibadilisha mapema.

Na wengi wetu tumepanga. Paa ni la landlord. Nunua betri na inverta yenye chaja, uchaji na stima ikiwa iko. Ukihama, unahama nazo. Paneli utaongeza ukipata ruhusa na pesa. Ya wati 300, kwa saa 5 za jua zuri, ukitoa kinachopotea njiani, inaleta kama 1,100 kwa siku. Lakini Julai kule Limuru usitegemee hivyo, mawingu hayana huruma.

Kettle, pasi na shawa ya umeme ziache kwa stima. Hizo zitamaliza betri kabla chai haijaiva.

Mahali sikubali kubana pesa ni usalama. Mzigo wa wati 1,000 kwa volti 12 unavuta zaidi ya ampea 80. Waya nyembamba hapo ni moto unaongoja siku yake. Weka fyuzi karibu na betri, na uitishe fundi leseni ya EPRA kabla aguse kitu. Akikasirika kuulizwa, huyo si fundi wako.

Kwa hivyo kabla uniulize bei, niandikie vitu unavyowasha usiku na saa ngapi. Tutaanzia hapo.