Shokapu za mbele: anza mwenyewe, fundi afuate

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa vijijini, msishangae bwana shamba kuacha mikorosho leo na kuzungumzia pikipiki. Mazao yetu yanasafiri kwa pikipiki. Korosho zinafika ghala la chama cha msingi kwa pikipiki, samaki wa Msimbati wanafika Mtwara mjini kwa pikipiki, na mara nyingi mama mjamzito anafikishwa zahanati kwa pikipiki hiyo hiyo. Oili ya injini tunabadilisha, cheni tunakaza. Shokapu za mbele tunaziacha mpaka zimwage oili.

Msimamo wangu ni huu: kila mwenye pikipiki, hata asiye fundi, ajifunze kusafisha shokapu za mbele na kubadilisha oili yake nyumbani. Kubadilisha sili na kunyoosha bomba lililopinda, hiyo mwachie fundi.

Wengi wanaona shokapu ni jambo la starehe tu, kwamba ikifa utaumia mikono basi. Sivyo. Ukishika breki ya mbele, uzito mwingi unasogea mbele, na shokapu ndiyo inayofanya tairi liendelee kushika ardhi. Oili ikipungua, tairi linadundadunda na breki haishiki vizuri. Mbaya zaidi, oili inayovuja inateremka hadi kwenye diski ya breki. Ukiwa na magunia mawili ya korosho nyuma na mtoto akavuka barabara ghafla, hapo ndipo utajua gharama ya sili.

Huku kwetu pwani shokapu zina maadui wawili: mchanga na chumvi. Mchanga unajipenyeza kwenye mdomo wa sili. Maji ya chumvi yanayodondoka kwenye matenga ya samaki, au yanayoruka ukipita karibu na mashamba ya chumvi, yanatia kutu bomba linalong'aa. Kutu ikishatoboa vitundu, bomba linakuwa kama msasa na kila sili mpya utakayoweka italika. Kwa hiyo ukitoka ufukweni, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha futa bomba kwa kitambaa chenye oili kidogo sana. Ni kazi ya dakika tano.

Ukiona duara la oili kwenye bomba, usikimbilie kununua sili. Mara nyingi ni mchanga tu. Inua taratibu kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi, futa uchafu wote, kisha kata kipande chembamba na laini cha plastiki, kama cha chupa ya maji. Kiingize kati ya bomba na sili, ukizungushe kote ili kitoe chembe za mchanga. Usitumie bisibisi wala kisu, utachana sili. Futa, rudisha kifuniko, bonyeza usukani mara kadhaa. Oili ikirudi tena baada ya siku chache, hapo sili imekwisha na ni kazi ya fundi.

Kubadilisha oili kunahitaji utulivu zaidi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pagumu na tambarare, weka gogo imara chini ya injini ili tairi la mbele lielee. Kabla ya kulegeza bolti zinazobana bomba, legeza kifuniko cha juu cha shokapu kidogo tu, maana ukishatoa shokapu hutapata pa kuishikia. Toa tairi na madigadi. Kishikio cha breki kifunge kwa waya, kisining'inie kwenye mpira wake, na usibonyeze breki wakati diski haipo. Toa shokapu moja baada ya nyingine. Kifuniko cha juu kinasukumwa na springi: kikandamize kwa mkono huku ukifungua, na uso wako usiwe juu yake.

Mwaga oili chafu kwenye kidumu, si ardhini wala karibu na kisima. Pampu bomba mpaka iishe yote. Weka oili mpya ya shokapu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kwa pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 ni chini ya robo lita kila upande. Pima kwa chombo chenye alama, pande zote mbili zilingane. Pampu polepole kutoa hewa, kisha funga. Ukirudisha tairi, bonyeza usukani mara kadhaa kabla ya kukaza ekseli kabisa, ili shokapu zikae sawa. Jaribu breki papo hapo, kisha endesha polepole bila mzigo.

Napinga kabisa tabia ya kujaza oili chafu ya injini, au kupachika washa juu ya springi ili "ibebe mzigo". Shokapu inakuwa ngumu kama nondo, na mayai na nyanya zako ndizo zinazolipa. Kama mzigo umezidi, punguza mzigo.

Wapo watakaosema nawanyima mafundi riziki. Sikubali. Fundi anapata kazi nzuri zaidi akiletewa shokapu safi yenye tatizo linalojulikana, kuliko pikipiki iliyokwisha kugonga mti. Wasiwasi wangu uko kwa pikipiki za hesabu. Dereva anasema matengenezo ni ya tajiri, tajiri anasema anayeiharibu ni dereva, na abiria aliyekaa nyuma hajui lolote. Kwa maoni yangu oili na sili ni juu ya tajiri, usafi wa kila siku ni juu ya dereva, na wakubaliane hivyo kabla funguo hazijatolewa.

Septemba ndiyo mwezi mzuri wa kazi hii. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, mvua zinafuata, na baada ya hapo hakuna atakayekubali kulaza pikipiki hata nusu siku. Kama hujawahi, mwite fundi mara ya kwanza, mlipe, naye akusimamie wewe ukishika spana. Mara ya pili utafanya peke yako.